Wanakuja kupima mwezi wa nane

Kila nikiwa Tukuyu lazima kuna mtu atanivuta pembeni aniulize kitu kilekile, dada, ule mradi umepita au haujapita, utadhani mimi ndo natoa vibali. Sitoi. Mimi niko kwenye zile timu zinazokuja na gari la kukodi na kofia pana kuandaa tathmini ya athari kwa mazingira, TAM kwa kifupi, na ndani ya timu mimi ndo "mtu wa jamii", yaani wenzangu wanapima maji, udongo, ndege na kelele, alafu mimi naachiwa watu pamoja na kila kitu ambacho hakina mashine ya kukipima. Makaburi ni yangu. Matambiko ni yangu. Njia za kina mama kwenda mtoni ni zangu. Kwenye ripoti hayo yote yanakaa kwenye kasehemu kanaitwa "urithi wa kiutamaduni", na mara nyingi kanamalizwa na sentensi moja ambayo nimeiona mpaka naiota: hakuna eneo lenye umuhimu wa kiutamaduni lililobainika ndani ya eneo la mradi.

Sasa hivi kuna mradi unaendelea huko kwetu Rungwe. Kijiji sikitaji, mwekezaji simtaji, mambo bado yako mezani na mimi bado nahitaji kula. Ni shamba la parachichi aina ya Hass, kubwa, na juu yake kwenye kilima chenye upepo mzuri wanataka kuweka loji ya watalii. Nani atashangaa, tangu soko la China lilipofunguliwa 2022 kila mwenye hela anaangalia huku nyanda za juu, Njombe huko mpaka Rungwe, na kiukweli ardhi yetu ya volkano na mvua yetu zinaibeba parachichi vizuri mno. Mimi siyo adui wa parachichi. Shangazi yangu kajengea nyumba ya bati hela ya parachichi.

Ukubwa wa eneo ni pungufu kidogo ya hekta 250, na ukiona shamba linasogea karibu na hapo alafu linasimama ghafla jua kuna mtu kasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kwa ajili ya uwekezaji lazima itoke kwanza kwenye ardhi ya kijiji iingie ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu, na kama haifiki hekta 250 basi Mkutano Mkuu wa Kijiji wenyewe ndo unakubali au unakataa, ikizidi hapo kijiji kinatoa mapendekezo tu na uamuzi unapanda kwa waziri. Kwahiyo wale watu wanaokaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji wakiwa wamejifunika makanga kwa baridi wana nguvu kubwa kuliko wanavyodhani. Tatizo ni kwamba anayewaeleza hivyo ni nani? Mtendaji hana haraka ya kueleza. Mwekezaji ndo kabisa.

Haya, tuje kwenye tathmini yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mradi wa namna hii usianze kabla tathmini haijafanyika. Unasajiliwa NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, unachujwa kuona ni wa uzito gani, zinaandikwa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ya kuchunguza, timu inaenda fildi kuchukua hali halisi ya sasa, inakaa na wadau, inaandika athari na namna ya kuzipunguza, kamati ya wataalamu inapitia, mwisho kinatolewa cheti. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri, nasema kwa moyo mmoja, nimeona miradi mibovu ikisimama kwa sababu yake. Ila kuna mambo mawili watu wa nje hawayajui. La kwanza, anayetulipa sisi ni mwenye mradi, siyo serikali na siyo kijiji, kwahiyo kila mtu kwenye gari anajua mafuta yametoka wapi. La pili ndo limenifanya niandike: fildi inafanyika mara moja, na inafanyika kiangazi.

Kwanini kiangazi? Kwa sababu barabara. Mtu aliyewahi kupanda vilima vya Busokelo mwezi wa tatu ananielewa, ule udongo ukilowa hata gari la four-wheel linacheza kwaito. Rungwe pale Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, hamna konsaltanti anataka kukwama matopeni na mashine za kukodi. Kwahiyo tunakuja mwezi wa saba, wa nane, wa tisa, jua limetulia, vumbi kidogo, picha zinatoka safi. Alafu tunaandika "hali ya sasa ya mazingira" kana kwamba nchi hii ina mwezi mmoja.

Chukua Kitulo, kule juu upande wa Makete, wenyeji wanaita Bustani ya Mungu. Ikawa hifadhi ya taifa 2005, ina zaidi ya kilomita za mraba 400 na aina kama 350 za mimea, kati yake 45 ni okidi za ardhini. Hayo maua yanatoka na mvua, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi mpaka wa nne. Nenda mwezi wa nane uone nini? Nyasi. Nyasi na upepo wa kukata masikio. Okidi ziko chini ya udongo kama viazi, na wanaojua zilipo ni wale wanaozichimba, maana viazi vyake vimekuwa biashara ya kuvuka Tunduma kwenda Zambia wanakotengeneza chikanda, chakula cha viazi hivyo. Sasa fikiria siyo Kitulo bali kilima kingine cha jirani ambacho hakina ulinzi wa hifadhi, mtaalamu wa mimea anakuja kiangazi, anatembea na daftari, anaandika nyasi za kawaida, hakuna spishi adimu iliyoonekana. Hajadanganya. Kweli hakuona.

Alafu kuna kinyume chake. Nilipokuwa kwenye kazi moja Mufindi, ya miti, timu ilibahatika kwenda wakati wa mvua (bajeti ilichelewa, siyo kwa hekima) na bonde lote lilikuwa maji na majani, mwenzetu akaandika ardhi oevu isiyotumika. Isiyotumika! Yale ni mabonde ya vinyungu bana. Ukirudi mwezi wa tisa unakuta matuta yamepangwa mstari kwa mstari, mahindi, maharage, mboga, kabichi, na karibu kila tuta lina mwenyewe, na wengi ni kina mama, na yale mahindi mabichi yanayochomwa barabarani kabla mvua hazijaanza ndo ada ya mtoto mwezi wa kwanza. Nilipomwambia akasema lakini picha ya setilaiti haionyeshi. Picha yenyewe nayo ilikuwa ya masika. Nikawaita kina mama wawili waje waelekeze, wakaanza kutaja tuta la fulani, tuta la fulani, la marehemu fulani sasa analima mkwe wake, jamaa akaishia kukunja karatasi yake taratibu. Ripoti ilibadilishwa, lakini ilibadilishwa kwa sababu mimi baba yangu mdogo kaoa Uheheni na navijua vinyungu tangu utoto, siyo kwa sababu utaratibu ulikuwa na sehemu ya kuuliza.

Kwahiyo ukija masika unakosa vinyungu, ukija kiangazi unakosa maua, na ukija mara moja lazima utakosa kimojawapo. Ndo ninachosema kwenye kila kikao mpaka wameanza kunichoka.

Kwa huu mradi wa Rungwe kitu cha masika kinaitwa mbasa. Watu wa Kyela hapa watanielewa haraka. Mbasa ni samaki wa Ziwa Nyasa, hapatikani kwingine duniani zaidi ya ziwa lile na mito yake, na mvua zikikolea anapanda mito kwenda kuzaa kwenye changarawe safi zenye maji yanayokimbia. Mito yenyewe ndo Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, yote inashuka kutoka nyanda hizi za juu. Ukichonga kilima kwa ajili ya matuta ya miche, ukafungua barabara za shamba, mvua ya kwanza udongo unashuka, changarawe zinafunikwa na tope, mayai yanakosa hewa. Sasa mpaka wa "eneo la athari" kwenye ramani yetu ulichorwa duara kuzunguka shamba, na Kyela haimo kwenye duara. Nikauliza kwanini haimo, nikajibiwa ni wilaya nyingine. Mto wenyewe haujaambiwa kuwa pale ni wilaya nyingine! Kila mwaka Kyela inafurika, tope lile linatoka wapi?

Nisionekane nawasema wenzangu wa biolojia tu. Hebu tukumbuke kipunji. Huyu ni kima wa kahawia, mkubwa kiasi, ana nywele zimesimama kichwani, analia kama anabweka. Wawindaji wa huku Rungwe wanamjua na jina lake miaka yote. Watafiti waliokuwa wanafanya kazi mlima Rungwe wakaanza kusikia habari zake kwenye mazungumzo na wenyeji, wakadhani labda ni hadithi tu za wazee, 2003 wakamwona kwa macho, 2005 akatangazwa duniani kama spishi mpya, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu 1923. Fikiria, miaka zaidi ya themanini, na mnyama mwenyewe siyo mdudu, ni kima anayepiga kelele msituni saa kadhaa kutoka lami ya Mbeya kwenda Kyela. Akajulikana kwa sababu mtu alikaa na wawindaji akawasikiliza mpaka mwisho. Tathmini yetu ina siku chache za fildi na dodoso lenye maswali ya ndiyo na hapana.

Na kwa mambo ya kale ni hivyohivyo. Isimila pale, nje kidogo ya Iringa ukiwa unakuja Mbeya, ni korongo. Mpaka 1951 mpita njia alipoona yale mawe yaliyochongwa, kwa macho ya fundi yoyote lile lilikuwa korongo la mmomonyoko, na kama kungekuwa na mradi wa barabara tungeandika "udongo dhaifu, ujazwe kifusi". Walipokuja kuchimba 1957 na 1958 ikajulikana ni moja ya sehemu muhimu za zana za mawe Afrika.

Sasa nije kwenye jambo langu hasa, kichaka.

Kwenye eneo la mradi, upande wa chini karibu na bonde, kuna kichaka cha miti ya asili. Kidogo. Kwenye jedwali la mwenzetu kilikuwa na namba na maelezo mafupi: uoto wa asili uliobaki, eneo dogo, thamani ndogo ya kiikolojia. Mimi kwenye mkutano niliuliza kama inavyotakiwa, jamani kuna sehemu yoyote ya mila, ya matambiko, ya kaburi la zamani? Kimya. Mzee mmoja akasema hapana mwanangu, hapa sisi ni Wakristo. Watu wakaitikia. Nikaandika.

Lakini mimi ni wa hukohuko. Wamoravian walifika Rungwe 1891, ni zaidi ya miaka mia na thelathini, na yule mzee aliyejibu ni mzee wa kanisa, mchungaji wake alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ulitaka aseme nini? Swali la mila huwezi kuuliza kwa kipaza sauti mbele ya mchungaji, mwakilishi wa mkuu wa wilaya, na mgeni aliyekuja kununua. Hata angekuwa hamuogopi mtu, sehemu ya wakubwa haitajwi hovyo kwa watu wasioijua, halafu unampa mgeni ramani ya nini? Jibu la "hamna" pale lilikuwa jibu la adabu.

Nilichofanya ni kutembea. Nilienda mtoni na kina mama alfajiri, nikiwa nimewasha simu inarekodi njia, nikarudi nao, na jioni nilipoangalia ule mstari kwenye ramani nikaona unashuka moja kwa moja vizuri, alafu ukifika karibu na kichaka unapinda, unazunguka mbali, unarudi kwenye mstari wake. Hamna jabali pale, hamna shimo, tambarare kabisa. Mtu mwenye ndoo ya lita ishirini kichwani hazunguki bure. Kesho yake nilikuwa kwa bibi mmoja namsaidia kumenya ndizi, nikamuuliza tu, bibi, hii njia mbona inapinda pale. Akanicheka. Akasema wewe mtoto wa kwa nani? Nikamtajia ukoo wangu upande wa baba na upande wa mama, akataja babu yangu, akauliza kama bado yule fulani yuko hai, ndo tukaanza. Pale wamelala malafyale, machifu wa zamani wa ile sehemu, na miti mingine ilipandwa siku walipokuwa wanasimikwa, na huwezi kuokota hata kuni. Mvua ikikataa kuna watu wanaenda. Nani wanaenda? Akamenya ndizi mbili tatu kimya. "Wanaoenda wanajulikana."

Na chini ya kichaka ndo kuna chemchemi. Haikauki mwaka mzima, na ndo ileile ambayo loji imepangiwa kuvuta maji.

Hapo ndo niliona kasoro ya namna tunavyoandika hizi ripoti. Chemchemi iko sura ya maji. Kichaka kiko sura ya uoto. Machifu, kama wangeandikwa, wangekuwa sura ya utamaduni. Kina mama wako sura ya jamii. Kurasa tofauti, wataalamu tofauti, na kila mmoja kwenye jedwali lake anaandika athari "ndogo, ya muda mfupi, inadhibitika". Ukisoma moja moja kweli ni ndogo. Lakini kitu chenyewe ni kimoja: miti haikukatwa kwa sababu ya machifu, maji hayakukauka kwa sababu ya miti, na kijiji kiko pale kilipo kwa sababu ya maji. Ukitoa heshima ya kichaka, hata kama hujagusa mti, baada ya miaka kumi kibarua wa shamba asiyejua habari hizi atakata kuni, na hakuna wa kumlaumu. Hilo halina mstari kwenye jedwali. Nilimwambia kiongozi wa timu tuongeze mstari, akasema tutauweka sura gani?

Watu wananiuliza si kuna sheria ya mambo ya kale. Ipo, ya 1964. Ila inaangalia zaidi vitu vilivyotengenezwa au kujengwa kabla ya 1863, sasa miti iliyopandwa na watu wasioandika tarehe utathibitishaje? Kuna sheria nyingine ambayo wengi hawaijui kabisa, ya kuhamisha makaburi, ya 1969. Hiyo kwa kaburi linalohamishwa inaruhusu gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na pia gharama za ibada za kutuliza, yaani hata bunge la wakati ule lilijua kwamba maiti haihamishwi kama gunia la mbolea. Lakini inafanya kazi kwa kaburi ambalo mtu amejitokeza kusema ni la kwetu. Huku kwetu watu wanazikwa nyumbani, pembeni ya migomba, la sasa hivi lina saruji na vigae mthamini analiona toka barabarani, la zamani limebaki mgomba na kumbukumbu ya mtu. Kama mwenye kumbukumbu anaishi Dar au Chunya machimboni, siku ya uthamini hayupo. Na kaburi la chifu ni la nani? Nani asaini fomu?

Kitu kilichotusaidia mpaka sasa ni mita sitini. Kifungu cha 57 cha sheria ya mazingira kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa, na kwa mazoea hata chemchemi inapimwa hivyohivyo. Pima mita 60 kutoka ile chemchemi na kichaka chote kinaingia ndani. Kwahiyo kwenye rasimu tumeandika kichaka kisiguswe kwa sababu ni chanzo cha maji, na machifu wamepona kwa mgongo wa maji. Nilifurahi, alafu nikakasirika. Maana kifungu hichohicho ndo kinachotumika kuwafukuza kina mama wa vinyungu kule Mufindi ambao wanalima bondeni tangu enzi za bibi zao, wao mita sitini imewakuta wamo ndani. Sheria inalinda maji, sawa, ila haijui tofauti ya jembe la mama na mashine ya kuvuta maji.

Jambo jingine ambalo tathmini ya mradi mmoja haiwezi kuliona ni jumla. Nenda Usangu, lile bonde la Mbarali. Mto Ruaha Mkuu mpaka miaka ya tisini ulikuwa unatiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha, tangu 1993 ukaanza kukauka kipindi cha kiangazi, viboko wanabaki kwenye madimbwi ya matope, na huko chini kuna Mtera na Kidatu wanasubiri maji wazalishe umeme. Nani aliukausha? Ukitafuta mtu mmoja humpati. Ni mifereji ya mpunga, mingi, mkubwa kwa mdogo, ng'ombe, mashamba, kila mmoja kachota chake na cha kila mmoja kwa peke yake ni kidogo. Baadaye ndo yakaja mambo ya kuhamisha wafugaji wa Ihefu, ile ardhi oevu ya bondeni, kupanua hifadhi, migogoro ya Mbarali ambayo mpaka leo haijapoa, na 2024 Benki ya Dunia ikasimamisha kisha ikafuta hela za mradi mkubwa wa utalii kusini baada ya malalamiko ya wanavijiji wa pembeni ya hifadhi. Gharama ya kutojumlisha mapema inalipwa na watu ambao hawakuwepo kwenye hesabu. Na huku Rungwe na Njombe sasa hivi parachichi zinaingia shamba kwa shamba, kila shamba na cheti chake, kila cheti kinasema maji yanatosha. Sheria ya 2004 ina tathmini ya kimkakati, ile ya kuangalia sekta nzima au bonde zima kabla ya mradi mmoja mmoja. Nataka sana kuiona ikifanyika kwenye parachichi kabla hatujawa Usangu nyingine.

Kuhusu mikutano sitaki kusema sana maana kila mtu anajua ilivyo. Inaitishwa saa tatu inaanza saa sita, kina mama saa saba wanaondoka kwenda kupika, maswali yanaanza saa nane. Daftari la mahudhurio linapita mapema kila mtu anasaini, na baadaye zile saini zinabandikwa mwisho wa ripoti kama kiambatisho, msomaji wa Dodoma anaona majina mengi anadhani watu wamekubali, kumbe wamehudhuria tu. Kuhudhuria siyo kukubali. Kama una wasiwasi sema ndani ya mkutano na udai uingizwe kwenye muhtasari, kwa jina lako au jina la kitongoji, alafu usiondoke mpaka usomewe. Na ripoti yenyewe ni ya Kiingereza, kurasa mia na kitu, ila kanuni zinataka muhtasari wake wa lugha rahisi uwepo pia kwa Kiswahili. Ombeni huo. Mwalimu mstaafu kila kijiji yupo, akae nao jioni moja. Na mkiambiwa ajira ulizeni ngapi za mwaka mzima na ngapi za vibarua wa kuvuna, maana hapo sauti ya mwekezaji huwa inashuka ghafla.

Nirudi kwenye huu wetu. Nilipendekeza timu irudi mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, tuangalie mto una tope kiasi gani kabla hata ya shamba, tuongee na wavuvi wa Kyela kuhusu mbasa, na mtu wa mimea apite tena kileleni penye loji. Gharama yake siyo kubwa ukilinganisha na bei ya lile shamba. Mwekezaji hataki, na nikisema ukweli ana sababu yake: miche ya Hass inapandwa mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja huko, akisubiri mpaka tumalize kuangalia samaki amepoteza msimu mzima, na miche tayari ameshaiagiza kwenye kitalu. Ameshaagiza miche kabla ya cheti, hilo nalo lingeweza kuwa makala yake.

Wazee wa kijiji kwa upande wao wamesema wako tayari kukaa na sisi rasmi kuhusu kichaka, ila siyo ofisi ya kijiji, na siyo na kila mtu, na siyo kabla hawajaongea wenyewe kwanza. Hawajataja tarehe. Kiongozi wa timu ananiuliza kila siku tarehe, mimi namwambia hawajasema, ananiambia andika makisio. Yule bibi amenitumia ujumbe kupitia mjukuu wake kwamba kwenye kikao na yeye atakuwepo, wapende wasipende, na kwamba nikija nisilete yule kijana wa ndege zisizo na rubani.

Njia ya kina mama angalau imeingia kwenye ramani, mstari wa nukta, na kona yake pale kichakani imeonekana vizuri. Uzio wa loji bado umechorwa juu yake. Nimeandika maoni kwa wino mwekundu, rasimu imerudi kwa mchoraji, nasubiri.